Magurudumu ya mtumba: Bei ni ndogo, hesabu ni ndefu

Katika masoko ya vipuri ya Afrika Mashariki, kuanzia Gerezani na Shaurimoyo jijini Dar es Salaam, Grogan na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, hadi Kisekka jijini Kampala, ipo bidhaa moja isiyokosekana mbele ya duka: gurudumu lililokwisha tumika. Hupangwa moja juu ya jingine, hupakwa dawa nyeusi likang'aa, na bei yake humfanya mnunuzi asahau kuuliza maswali.

Ukurasa huu hauna nia ya kuwafukuzia watu wateja. Biashara ya mtumba imesomesha watoto na kujenga nyumba, na mwenye gari asiye na uwezo wa kununua matairi manne mapya kwa mpigo lazima atafute njia nyingine. Hata hivyo, wapo wanaoingiza akiba zao katika biashara hii kwa kuangalia bei peke yake, na hao ndio tunaotaka kuzungumza nao wiki hii.

Jambo la msingi ni hili: gurudumu ni bidhaa mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni rimu, au ringi kama mafundi wengi wanavyoiita, ambayo ni chuma au alumini. Ya pili ni tairi, ambalo ni mpira. Rimu nzima inaweza kudumu kuliko gari lenyewe. Tairi huzeeka hata likiwa limelala stoo. Anayelipa bei moja kwa vitu hivyo viwili bila kutenganisha hesabu zake, mara nyingi hulipia tairi ambalo thamani yake ilikwisha zamani.

SOKO LIMEKUAJE

Zamani kidogo eneo hili lilikuwa na viwanda vyake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Nchini Kenya, kampuni ya Sameer Africa, iliyorithi kiwanda cha Firestone, ilitangaza mwaka 2016 kusimamisha uzalishaji wa matairi jijini Nairobi. Tangu hapo mwenye gari anategemea zaidi mali kutoka nje, ambayo bei yake hupanda kila shilingi inapoteleza. Pengo hilo ndilo lililojazwa na mtumba.

SHERIA YA FORODHA KWANZA

Kabla ya kuzungumzia ubora, mwekezaji ajue sheria. Wapo wanaoshawishiwa kuchangia kontena la magurudumu kutoka Japani, Dubai au Sharjah kwa ahadi ya faida ya haraka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Pili, inayaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya magari mepesi ya biashara katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Ni orodha hiyo hiyo yenye fedha za bandia na dawa za kulevya. Si suala la kulipa ushuru zaidi; ni suala la mali kutaifishwa bandarini, na mchango wako ukaenda nayo.

Kipengele hicho kinataja matairi, hakitaji rimu tupu. Kwa hiyo anayetaka kuagiza rimu peke yake yuko katika hesabu nyingine, lakini naye amwone wakala wa forodha mwenye leseni, apate jibu la maandishi kabla ya kutuma fedha. Atakayekwambia "hayo tutayamaliza hapo hapo bandarini" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Njia iliyo wazi zaidi ya kupata mali ni magari yaliyokwisha ingia nchini: yaliyopata ajali, yanayokatwa kuwa vipuri, na yale ambayo wenyewe wamebadilisha magurudumu kwa kutaka ya kisasa. Mali hiyo ipo, lakini huja kidogo kidogo na kwa mchanganyiko mkubwa. Uchunguzi ndio unaoleta faida.

HESABU YA MILIMITA

Mnunuzi wa tairi ananunua kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata ya kina cha takriban milimita 8. Nchi nyingi, zikiwamo Japani na zile za Umoja wa Ulaya, zimeweka kikomo cha milimita 1.6, likifika hapo tairi hilo halifai tena barabarani. Ndani ya mifereji ya kashata viko vituta vidogo vilivyowekwa na kiwanda kuonyesha kikomo hicho. Kashata ikilingana na kituta, tairi limekwisha.

Kwa hiyo katika milimita 8 unazoweza kutumia ni 6.4 tu. Sasa tuchukue mfano. Tuseme tairi jipya ni Sh. 160,000/=. Kila milimita ya matumizi inakugharimu Sh. 25,000/=. Muuzaji wa mtumba anakupa tairi la aina hiyo hiyo lenye kashata ya milimita 4 kwa Sh. 80,000/=, naye anakwambia umepata nusu bei. Toa 1.6 katika 4, zinabaki milimita 2.4. Gawa Sh. 80,000/= kwa 2.4, unapata zaidi ya Sh. 33,000/= kwa milimita. Tairi la "nusu bei" limekuwa ghali kuliko jipya kwa karibu theluthi nzima. Katika mfano huu lisingestahili kuzidi Sh. 60,000/=, na hapo bado hatujatoa chochote kwa ajili ya umri wake, wala gharama ya fundi wa kulifunga, ambayo ni ile ile kwa jipya na kwa mtumba lakini kwa mtumba utailipa mara nyingi zaidi.

Kipimo cha kina cha kashata ni kifaa kidogo cha bei nafuu ambacho mfanyabiashara wa bidhaa hii hana udhuru wa kukikosa. Apime sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Ukingo mmoja ukiwa umelika zaidi, gari lilikotoka lilikuwa na kasoro ya alaimenti, na hesabu ifanywe kwa sehemu iliyolika zaidi, si kwa ile nzuri.

Msomaji akumbuke pia kwamba kikomo cha sheria si kikomo cha usalama. Kazi ya mifereji ya kashata ni kusukuma maji pembeni. Mifereji ikiwa mifupi, wakati wa masika tairi hupanda juu ya maji na kuelea, na dereva akikanyaga breki gari halimsikii. Tairi lenye milimita 2 linaloonekana kufaa mwezi Januari linaweza kuua mwezi Aprili.

TAIRI LINA TAREHE KAMA DAWA

Kwenye ubavu wa tairi yako maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwisho wake ziko tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3416 lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, usiulize bei. Mara nyingi tarehe huandikwa ubavu mmoja tu. Usipoiona upande wa nje, mwambie muuzaji aligeuze. Akikataa kuligeuza, amekwisha kukujibu.

Michelin inashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata bado ni nzima. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema miaka 6. Sababu ni kwamba mpira hupoteza mafuta yake, hukauka na kuachana na nyuzi za chuma zilizo ndani. Joto huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo tairi lililoishi Ghuba au lililoanikwa juani mbele ya duka huzeeka haraka kuliko tarehe yake inavyosema. Nyufa ndogo ndogo kwenye ubavu na katikati ya kashata ndiyo dalili, nazo ndizo zinazofichwa na ile dawa nyeusi. Beba kitambaa chenye maji na sabuni, ufute kabla ya kuangalia.

Mfano uliofundisha dunia ulitokea Uingereza mwezi Septemba 2012. Basi lililobeba vijana kutoka tamasha la muziki liliacha barabara katika eneo la Surrey baada ya tairi la mbele kupasuka, na watu watatu wakafa. Tairi lile lilikuwa na kashata ya kutosha. Lilikuwa pia na umri wa zaidi ya miaka 19. Kuanzia Februari 1, 2021 nchi hiyo ilipiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote yaliyofungwa moja moja ya mabasi madogo. Mwenye daladala au matatu ana sababu zaidi ya kuliangalia hilo, kwani barabara zetu ni za moto zaidi.

Mfanyabiashara naye aone upande wake. Mali yenye tarehe hupoteza thamani ikiwa dukani. Tairi la miaka saba lililokaa stoo miezi kumi na minane limekwisha kusogea karibu kabisa na umri wa kukataliwa, ingawa halijakanyaga hata mita moja ya lami.

MATAIRI YA THELUJI KATIKA NCHI YA JOTO

Mikoa ya kaskazini mwa Japani ina theluji nyingi, na wenye magari huko huwa na seti mbili za magurudumu, ya kiangazi na ya baridi. Gari la mtumba linapouzwa nje, mara nyingine huja na yale ya baridi. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji, na kwa kashata iliyochanjwa mistari mingi myembamba.

Mpira wa matairi haya ni laini makusudi, umetengenezwa kwa ajili ya baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa hulainika zaidi, hulika upesi, na gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Kashata yake nene inampendeza mnunuzi asiyejua, na ndiyo maana huuzwa kama "karibu mapya". Kwa joto la pwani si mali ya kuweka akiba yako.

UZITO ULIOANDIKWA HAUDANGANYI

Baada ya vipimo vya tairi, mathalan 195/65R15, hufuata nambari na herufi kama 91H. Herufi ni ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa. Nambari ni ya uzito, nayo 91 maana yake tairi hilo linabeba kilo 615. Matairi ya magari ya mizigo na ya abiria wengi kama Hiace huwa na herufi C au LT, na nambari kubwa zaidi. Yenye 106 hubeba kilo 950. Kwa mtazamo wa macho yote ni ya rimu ya inchi 15. Ukifunga ya gari dogo kwenye Hiace, kila gurudumu limepungukiwa na kilo 335, na kwa magurudumu manne ni kilo 1,340. Tairi linalobebeshwa kuliko uwezo wake hupata moto kutoka ndani, na hupasuka gari likiwa limejaa na likiwa katika mwendo.

VIRAKA NA TAIRI LILILOCHONGWA

Fundi pancha mwaminifu atakwambia kwamba tundu la msumari katikati ya kashata huzibika, lakini ubavu uliochanika hauzibiki. Tairi likiwa limefungwa kwenye rimu huwezi kuona viraka vya ndani. Likiwa la aina isiyotumia tyubu, na ukakuta limewekwa tyubu, uliza kwa nini. Mara nyingi tyubu imewekwa ili kuficha ubavu uliokatika au rimu isiyoshika upepo.

Wapo pia wanaochonga kashata upya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokwisha kuwa kipara. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa kuruhusu kuchongwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. Ya gari dogo hayana mpira wa ziada. Kisu hufika karibu na nyuzi. Ukiona mifereji isiyolingana kina, au vile vituta vya kikomo vimetoweka, tairi limechongwa.

RIMU: CHUMA KIZURI, MATUNDU MABAYA

Upande wa rimu ndiko faida ya kweli ilipo, kwa sababu kasoro zake zinaonekana kwa anayejua kutazama. Rimu ya chuma hupinda ukingo kwa mashimo ya barabarani, na mara nyingi hunyoosheka. Ya alumini hupasuka, na ufa huwa upande wa ndani usioonekana gari likiwa limesimama. Iliyochomelewa, ikapigwa puti na rangi mpya, ni hatari. Rangi mpya kabisa kwenye rimu ya zamani ichukuliwe kuwa swali, si pambo. Iweke kwenye mashine ya kubalansi na uizungushe. Inayoyumba utaiona kwa macho, nayo ada ya kuipima ni ndogo kuliko hasara ya kuinunua.

Kisha kuna kulingana na gari. Idadi ya matundu ya nati haitoshi. Upo pia upana wa duara la matundu. Toyota IST ya kwanza ina matundu manne kwenye duara la milimita 100. IST iliyoifuata ina matano kwenye 100, wakati Noah ina matano kwenye 114.3. Magari mengi ya Kijerumani yana matano kwenye 112. Tofauti ya 112 na 114.3 ni milimita 2.3 tu, na fundi mwenye nguvu anaweza kuilazimisha rimu iingie. Itaingia, lakini boliti zitakuwa zimevutwa upande, na boliti iliyovutwa hukatika.

Tundu la katikati nalo lina kipimo. Toyota nyingi ndogo ni milimita 54.1, Nissan nyingi ni 66.1. Rimu yenye tundu kubwa kuliko habu ya gari huhitaji pete ya kujazia. Ikikosekana usukani hutetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu, na mwenye gari atabadilisha beringi na shokapu bure huku kosa liko kwenye rimu.

Nati ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Uzi wa nati za Toyota na Honda kwa kawaida ni 1.5, wa Nissan na Subaru ni 1.25. Nati ya kampuni nyingine huingia mizunguko michache kisha hukaza, na asiyejua hudhani imekaa. Umbo la kikalio pia hutofautiana: rimu nyingi za alumini za Toyota kutoka kiwandani hutumia nati yenye waya bapa, Honda hutumia ya mviringo, nyingine hutumia ya koni. Nati isiyo ya rimu hiyo hulegea yenyewe. Nunua rimu pamoja na nati zake, na ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kwa wenye malori ya zamani, tunaongeza neno moja. Rimu za vipande zenye pete ya kufungia zisichanganywe vipande kutoka rimu tofauti. Pete isiyokaa vizuri huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kumuua fundi aliyeinama mbele yake. Ijazwe ikiwa ndani ya kizimba cha chuma, au isijazwe kabisa.

MZIGO WA JUMLA BILA KUCHAGUA

Mtego mkubwa wa mwekezaji mdogo ni kununua kwa lundo. Tuseme unapewa magurudumu 100 kwa Sh. 50,000/= kila moja, jumla Sh. 5,000,000/=, kwa sharti la kutochagua. Ukifika stoo unakuta 30 hayauziki kwa umri, nyufa au rimu zilizopasuka. Yaliyobaki 70 sasa yamekugharimu zaidi ya Sh. 71,400/= kila moja, kabla ya usafiri, pango na kibarua. Soko likilipa Sh. 70,000/=, umekula mtaji siku ya kwanza.

Aidha, wateja hununua kwa seti ya manne, au angalau pea. Lundo lenye magurudumu 70 yasiyofanana si seti 17. Huenda ni seti tano na mabaki mengi. Yaliyokataliwa nayo hayapotei yenyewe. Watengeneza makatambuga huchukua baadhi, kwa bei ya kutupa. Usiyarudishe sokoni kwa jina lingine.

MALI NA ASILI YAKE

Magurudumu huibwa, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai hata kama ulilipa fedha halali. Seti nzuri ya rimu za alumini inayouzwa usiku kwa bei ya kutupa, bila nati, ina mwenyewe anayeitafuta. Dai risiti. Kwa Tanzania, iwe ya mashine ya EFD, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2010. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii mwenye mali naye anaweza kupotea nayo.

KIPIMO CHA KUFUATA

Uingereza inaruhusu biashara ya matairi yaliyotumika, lakini kwa kanuni za mwaka 1994: kashata isipungue milimita 2, tairi likaguliwe ndani na nje, lisiwe na uvimbe wala nyuzi zilizojitokeza, na liandikwe wazi kwamba limetumika. Muuzaji wa hapa hazuiwi na mtu kujiwekea kiwango hicho, tena akakipandisha hadi milimita 4 na umri usiozidi miaka 5. Atakuwa na mali chache, lakini mteja wake atarudi akiwa hai, tena akiwa ameongozana na jirani.

Ushauri wetu kwa ufupi ni huu. Ukiwa mwenye gari, nunua rimu ya mtumba iliyopimwa kwenye mashine, kisha weka tairi jipya. Ukishindwa, tairi la mtumba liwe limevuliwa kwenye rimu ukaliona ndani, na bei yake uipige kwa milimita. Ukiwa mfanyabiashara, nunua kwa kuchagua, na uandike tarehe ya kila tairi kwenye daftari siku linapoingia. Ukiwa mwekezaji uliyeombwa mchango wa kontena, anza na ofisi ya forodha, umalizie na mfuko wako. Faida ya gurudumu la mtumba hupatikana siku ya kununua. Aliyekosea siku hiyo hana bei ya kuuzia itakayomwokoa.